Trekta ya hp 30: nichukue mashine ya kurusha theluji ya inchi 60 au 72?

#1 Kokoto Nyingi
Wakuu habari. Nina trekta ndogo, magurudumu yote manne yanavuta, injini hp (nguvu za farasi) 30. Kwenye PTO ya nyuma, ile shafti ya injini inayozungusha mashine unazofunga, kitabu chake kinasema hp 25. Gia ni haidrostatiki, yaani mwendo unaongezwa na kupunguzwa kwa mafuta ya pampu, bila kubadilisha gia. Njia yangu ya kuingilia nyumbani ni ndefu, changarawe tupu, ina kona mbili na mteremko wa wastani.

Nimechoka kusukuma theluji kwa koleo la mbele. Msimu ukifika katikati, kingo za njia zimeshakuwa kuta na sina tena pa kuisukumia. Sasa nataka mashine ya kurusha, ile ya kufunga nyuma kwenye mikono mitatu na kuzungushwa na PTO. Muuzaji anazo mbili, ya inchi 60 na ya inchi 72. Yeye anasisitiza ya 72, eti upana mkubwa, kazi fupi. Jirani yangu mwenye trekta kubwa kuliko hii anasema nisithubutu.

Matairi ya nyuma, nje hadi nje, ni inchi 58. Nawasilisha.

#2 Fundi Grisi
Chukua 60. Kanuni ya siku zote ni hp 5 za PTO kwa kila futi moja ya upana. Inchi 60 ni futi 5, tano mara tano 25, umefika hapohapo. Ya 72 inataka hp 30, na hizo 30 zako ni za injini, nyuma hazifiki zote. Uzi ufungwe.

#3 Kaka Mnyororo
Usifungwe. Fundi, umeruka mstari wa mwisho wa mtoa mada. Matairi ni inchi 58. Ukimpa mashine ya 60 anabaki na inchi moja kila upande, na hapo bado hajafunga minyororo ya kuzuia kuteleza. Mnyororo ukishavaa tairi unatokeza nje ya ubavu wake, hiyo inchi moja imekwisha.

Sasa fikiria anaingia kwenye kona. Mashine iko nyuma, anarudi kinyumenyume, mkia unakwenda huku matairi ya mbele yanakwenda kule. Tairi moja linapanda kwenye theluji isiyokatwa, trekta inalala upande, pembe moja ya mashine inanyanyuka na kuacha kabari. Akirudi mara ya pili, kabari imeshakandamizwa na tairi, imekuwa barafu. Upana unaanzia kwenye matairi, hp baadaye. Mimi nasema angalau inchi 3 au 4 za ziada kila upande. Kwa hiyo inchi 66.

#4 Mpita Njia
66 haipo kwa muuzaji. Soma swali.

#5 Kaka Mnyororo
Muuzaji hayuko mmoja duniani.

#6 Namba Hazidanganyi
Kanuni ya Fundi si mbaya ila inaficha kitu. Mashine haijui futi, inajua kilo kwa sekunde. Tupige hesabu.

Inchi 60 ni kama mita 1.5. Theluji ya kina cha sentimita 30, mwendo kilomita 1 kwa saa. 1.5 × 0.3 × 1000 ni mita za ujazo 450 kwa saa. Theluji mpya iliyotulia kidogo tuseme ina kilo 150 kwa mita ya ujazo. Jibu ni tani 67 na nusu kwa saa. Chukua theluji ileile baada ya kulowa, kilo 400 kwa mita ya ujazo: tani 180 kwa saa. Mashine ileile, trekta ileile, mwendo uleule, mzigo umezidi mara mbili na nusu.

Kwa hiyo anayesema "hp 5 kwa futi" bila kutaja aina ya theluji wala mwendo, hajasema kitu. Mtoa mada ana haidrostatiki. Akichukua 72 anapunguza mwendo kwa moja ya sita na tani zinarudi zilezile. Anapata nafasi ya matairi, anapata na minyororo yake. Mimi namuunga mkono muuzaji, ingawa sababu aliyotoa si yenyewe.

#7 Bolti Laini
Mkuu umetuletea mtihani wa fizikia asubuhi yote hii 😂

#8 Fundi Grisi
Namba, hesabu yako safi, lakini unadhani nguvu yote inakwenda kurusha theluji. Sehemu kubwa inaliwa na msuguano: parafujo (ile skrubu kubwa ya mdomoni inayokusanya theluji) kusaga, theluji kukwaruza ganda la mashine, feni ya kurushia kuikandamiza kabla ya kuitoa. Parafujo ndefu inakula nguvu hata ukitembea pole. Halafu kuna lile tuta ambalo gari la kusafisha barabara linaacha mdomoni mwa njia yako: theluji, chumvi, mawe, vyote vimeshikana. Pale unakwenda mwendo wa kinyonga na injini bado inagugumia. Huwezi kupunguza zaidi, umeshasimama.

#9 Namba Hazidanganyi
Msuguano sikatai. Lakini kwenye tuta nani kakulazimisha kung'ata upana wote? Unang'ata nusu. Mwenye 72 anaweza kufanya kazi ya 36. Mwenye 60 hawezi kufanya kazi ya 72.

#10 Mzee Gia
Vijana, nimewasoma. Mnabishana kana kwamba kila trekta duniani ni haidrostatiki. Wapo watakaosoma uzi huu wakiwa na trekta za gia za kawaida, niwaambie.

Chukua mfano wa Ford 8N, ile iliyotengenezwa 1947 hadi 1952. Gia nne za mbele, na PTO yake inategemea klachi ileile ya magurudumu. Ukikanyaga klachi ili trekta isimame, parafujo na feni navyo vinasimama. Theluji inabaki tumboni na kwenye bomba la kutolea. Ukiachia klachi, trekta inaruka mbele kabla feni haijashika kasi, inaziba. Na gia ya kwanza yenyewe ina haraka kuliko inavyofaa. Hapo hata kama hp zinatosha, upana lazima uwe mdogo, maana mwendo huwezi kuupunguza. Ukishusha injini ili utembee pole, PTO nayo inashuka.

Kwa mtu wa namna hiyo kanuni ya hp kwa futi ni ndoto. Kwanza ajue trekta yake ina PTO inayojitegemea au haina. Pili, gia ya chini kabisa inakwenda kasi gani PTO ikiwa kwenye mizunguko 540 kwa dakika. Akishajua hayo ndipo aje kuuliza upana.

#11 Bi Theluji
Shikamoo Mzee Gia, umenena. Nami niongeze kwenye hiyo 540, maana watu wanaidharau.

Feni ya kipenyo cha sentimita 60 ikizunguka mara 540 kwa dakika, ncha zake zinakimbia kama mita 17 kwa sekunde. Ukipunguza hadi 400, ncha zinakimbia mita 12 na nusu. Unaona ni tofauti ndogo, ila umbali wa kurusha unafuata mraba wa kasi. Umbali wako umebaki kama nusu. Kwa theluji kavu utaishia kulalamika tu. Kwa theluji mbichi haifiki hata mdomo wa bomba, inaganda shingoni na kazi imesimama.

Ndiyo maana naogopa mashine iliyo pana kuliko injini. Injini ikilemewa inashuka mizunguko, feni inashuka, bomba linaziba. Halafu mtu anashuka kwenye kiti, mkono mbele, kwenda kuzibua. MSIFANYE HIVYO. Zima PTO, zima injini, subiri kila kitu kisimame kabisa, tumia fimbo. Mkono haurudi ukishaondoka.

#12 Mgeni Jukwaani
Samahani wakuu, mimi mgeni. Injini yangu nikiiweka kwenye 540 inatetemeka kama inataka kuzima, sasa nitarushaje theluji?

#13 Bolti Laini
Karibu mgeni. Umeiweka injini kwenye 540 au PTO? 😅

#14 Bi Theluji
@Mgeni, 540 ni mizunguko ya shafti ya PTO inayotoka nyuma, si ya injini. Kwenye saa ya mizunguko huwa kuna alama inayoonyesha injini ifike wapi ili PTO ipate 540. Kwa trekta nyingi ndogo za dizeli ni juu ya 2000. Weka hapo, usiogope kelele.

Bolti, acha kucheka wageni.

#15 Shingo Upande
Hakuna aliyetaja shingo. Mnaongea inchi na hp, mtoa mada anataka kufunga mashine NYUMA, kwenye njia ndefu yenye kona. Atakuwa anarudi kinyumenyume njia nzima, mkono mmoja usukani, mwingine kwenye bomba, kichwa kimegeuzwa kama bundi. Mimi nimefanya hivyo misimu kadhaa, jina langu hamkujiuliza limetoka wapi?

Kwa hiyo swali la upana kwangu ni hili: njia inamalizika kwa kupita mara ngapi? Ikiwa 72 inamaliza kwa kwenda na kurudi, na 60 inamlazimu apite mara ya tatu kufuta mstari wa katikati, basi 72. Apime njia yake, si trekta.

#16 Fundi Grisi
Shingo, zipo zile za nyuma zinazotazama mbele, unaendesha kwa mwendo wa kawaida na mashine inafuata.

#17 Shingo Upande
Zipo, ila unakanyaga theluji kwa matairi kabla hujaikata. Ikiwa nyepesi sawa. Ikiwa na kina, trekta inasukuma tumbo, na alama za matairi zinabaki zimeganda chini.

#18 Kaka Mnyororo
Na hapo ndipo tunarudi kwenye matairi 🙂

#19 Mlima Mrefu
Kuna jambo mmeliruka wote. Hizo hp 25 za kitabuni zimepimwa wapi? Injini isiyo na turbo inapoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda. Anayeishi mita 1500 juu ya usawa wa bahari ameshapoteza kama asilimia 15. Zile 25 zimebaki 21 na kitu. Kwa kanuni ya Fundi hata 60 imemzidi.

#20 Bolti Laini
Lakini baridi inafidia. Hewa ya digrii 20 chini ya sifuri ni nzito kuliko ya digrii 25 juu, hata asilimia 15 inapita. Kwa hiyo ngoma droo.

#21 Mlima Mrefu
Hewa nzito kweli. Lakini dizeli haipati nguvu kwa hewa peke yake. Pampu imepimiwa mafuta, ukiiongezea hewa bila mafuta huoni hp mpya. Kule juu hewa inapungua na mafuta yanaungua vibaya, hapo unapoteza. Kurudisha ulichopoteza, sawa kiasi. Kuzidi kitabu, sahau.

#22 Bolti Laini
Haya, nimekupa hiyo. Ila nina langu kuhusu jina langu.

Mtoa mada ana changarawe. Awe na 60 au 72, atakula bolti. Zile bolti za kukatika kwenye parafujo zimewekwa laini makusudi, jiwe likibana zikatike zenyewe ili giaboksi ipone. Kuna watu wakichoka kubadilisha wanaweka bolti ngumu. Bolti haikatiki tena, inakatika giaboksi. Nunua za kutosha, weka kwenye mfuko wa koti pamoja na nyundo ndogo na kipini cha kusukumia kile kipande kinachobaki ndani ya tundu. Na ule unyayo wa pembeni unaobeba mashine ushushwe ili mdomo ukae juu ya kokoto kama inchi moja, hasa mwanzoni mwa msimu kabla ardhi haijaganda. Tabaka la chini likishashikana na barafu unaweza kuukaribisha zaidi.

Si mawe tu. Mara moja parafujo ilimeza waya wa uzio uliofukiwa na theluji. Ulijisokota kwenye shafti hadi ukakaa kama uzi kwenye kibiringo, bolti haikukatika kwa sababu waya haukubana ghafla. Nililala chali chini ya mashine na msumeno wa chuma, nakata uzi mmoja mmoja, grisi imeganda ngumu, na kila nikivuta kipande kimoja kingine kinajikaza. Kwa hiyo kabla theluji haijaanza, tembea njia yote na uondoe vitu.

#23 Mpita Njia
Nyundo kwenye koti. Sasa tunajua ni nani anapiga kelele akitembea.

#24 Nyuma Nzito
Nimesoma kurasa zote, hakuna aliyeuliza uzito. Mashine nyingi za inchi 60 zinapita kilo 250, za 72 zinapanda zaidi ya hapo. Mtoa mada, fungua kitabu, tafuta uwezo wa kunyanyua wa mikono ya nyuma. Angalia vizuri umepimwa wapi: kwenye ncha za mikono, au milimita 610 nyuma ya ncha. Hizo ni namba mbili tofauti sana, na wauzaji hupenda kukutajia ile kubwa. Uzito wa mashine hizi unakaa nyuma mbali, kwa hiyo inayokuhusu ni ile ya 610.

Halafu mbele. Ukinyanyua mashine, ekseli ya mbele inapungua uzito. Mwongozo unaotumika sana ni kwamba ekseli ya mbele isibaki na chini ya asilimia 20 ya uzito wa trekta tupu, vinginevyo usukani unakuwa pambo. Wewe una mteremko, tena wa barafu. Usilitoe koleo la mbele, au weka vyuma vya uzito.

#25 Namba Hazidanganyi
Hoja nzito kama jina lako. Hapo 72 inapungukiwa kidogo, nakubali. Kidogo.

#26 Fundi Grisi
Karibu upande wa pili mkuu 😁

#27 Bi Theluji
Kuna njia ya tatu. Rimu za trekta nyingi zenye matairi ya shamba zinaweza kugeuzwa, ule mdomo wa ndani ukawa wa nje, na upana wa matairi ukapungua. Inchi 58 ikishuka, mashine ya 60 inapata nafasi bila kuongeza hp hata moja.

#28 Nyuma Nzito
Dada, na mteremko je? Ukipunguza upana wa matairi unapunguza uimara. Trekta nyembamba, mashine nzito imenyanyuliwa nyuma, kona kwenye mteremko. Mimi siwezi kumshauri mtu hivyo bila kuiona njia yake. Na baada ya kugeuza lazima ahakikishe minyororo haigusi kinga ya tairi.

#29 Bi Theluji
Kweli kabisa. Kwa tambarare lakini ni dawa.

#30 Theluji Mbichi
Mie nakoishi theluji inakuja na maji yake. Kwangu upana si tatizo, tatizo ni nafasi kati ya ncha za feni na ganda lake. Nafasi ikiwa kubwa theluji mbichi inazunguka tu ndani, haitoki. Nilifunga vipande vya mpira mgumu kwenye ncha za feni vikaribie ganda, bomba nikalipaka nta. Tangu hapo inarusha hata ile ya uji. Ukichagua kati ya mbili, ingiza mkono (injini imezimwa!) uone ni ipi ina feni iliyokaa karibu na ganda, na ipi ina feni ya kipenyo kikubwa. Upana wa mdomo hausaidii kitu ikiwa koo ni jembamba.

#31 Mpita Njia
Kwani hizi mashine alizianzisha nani? Nasikia ni Sicard wa Quebec, 1925, akafunga kwenye trekta.

#32 Mzee Gia
Arthur Sicard, mwaka huo ni sawa. Ila haikuwa trekta. Ilikuwa gari la kama lori, na mashine ya kurusha ilikuwa na injini yake peke yake, mbali na ile ya kuendesha gari. Mji wa Outremont ukanunua 1927. Na reli zilikuwa na majembe ya kuzunguka ya theluji tangu miaka ya 1880. Ona hiyo ya injini mbili: yeye hakuwa na ugomvi wenu wa hp kwa futi, mwendo na nguvu ya kurusha kwake vilikuwa vitu viwili mbalimbali.

#33 Namba Hazidanganyi
Mzee, umenisaidia hoja yangu bila kutaka. Haidrostatiki inakaribia hilo.

#34 Mzee Gia
Inakaribia. Ila injini bado ni moja, na pampu ya haidrostatiki nayo inakula humohumo.

#35 Kokoto Nyingi
Wakuu asanteni, nimejifunza mengi kuliko nilivyouliza. Nimefungua kitabu: uwezo wa kunyanyua kwa ile 610 unatosha kwa zote mbili, ila kwa 72 ni kwa kubana. Njia nimeipima, kwa 72 ni kwenda na kurudi, kwa 60 inabaki mstari katikati. Minyororo ikifungwa matairi yanafika inchi 60 na nusu. Kwa hiyo 60 haifuniki matairi, 72 inazidi nguvu kwa kanuni ya Fundi.

Nimempigia muuzaji kuhusu ya 66. Anayo moja, imetumika kidogo, bei nzuri. Ila anasema ni ya kufunga mbele.

#36 Kaka Mnyororo
66! Si nilisema?

#37 Shingo Upande
Ya mbele! Chukua, shingo yako itakushukuru.

#38 Fundi Grisi
Tulieni. Ya mbele haifungwi kwenye mikono ya nyuma. Inataka fremu yake chini ya trekta, na inazungushwa na PTO ya kati, ambayo kwa trekta nyingi ndogo inakwenda 2000 au zaidi, si 540. Koleo linatoka. Na fremu ya trekta nyingine haiingii kwenye yako hata kwa nyundo ya Bolti. Mtoa mada, trekta yako ina PTO ya kati?

#39 Kokoto Nyingi
Ngoja nikachungulie chini.

#40 Bolti Laini
Akachungulie na tochi. Mie nasema 60, na apite mara tatu.

#41 Namba Hazidanganyi
72, na atembee pole.